Geini moja, geini na feda, au biti 32: rekoda ipi ya mkononi inakufaa?

Anayekwenda Kariakoo kununua rekoda ya sauti huulizwa kwanza ana bajeti gani, kisha huoneshwa idadi ya matundu ya XLR (yale ya kuchomekea maiki yenye pini tatu), na ni mara chache mno anaelezwa jambo litakalomsumbua siku ya kwanza ya kazi: nobu iliyoko mbele ya mashine inabadilisha nini hasa. Katika rekoda moja nobu hiyo hubadilisha kile kinachoandikwa kwenye kadi. Katika nyingine hubadilisha mchanganyiko tu, huku faili la kila maiki likibaki kama lilivyo. Katika aina ya tatu nobu yenyewe haipo. Makala haya yanaziweka aina hizo tatu pamoja, kwa ajili ya mtu anayerekodi mahojiano, sherehe, kwaya au video fupi hapa Dar es Salaam na ambaye bado hajaamua atoe pesa yake wapi.

Njia ambayo sauti inapita

Umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo mno. Shure SM58, maiki ambayo karibu kila MC wa jijini ameishika, hutoa takriban milivolti 1.85 kwa sauti ya desibeli 94, ambayo ni kama ya mtu anayeongea kwa nguvu akiwa ameisogeza mdomoni. Laini ya kitaalamu, yaani ishara iliyokwisha kuinuliwa inayotoka kwenye mikisa ya ukumbini, ina takriban volti 1.23, yaani zaidi ya mara 660 ya kiasi hicho, au tofauti ya desibeli 56 hivi. Kazi ya geini ni kuuinua huo umeme mdogo ufikie kimo ambacho mashine inaweza kuupima, na inaifanya kazi hiyo kabla sauti haijageuzwa kuwa namba.

Baada ya geini, ishara huingia kwenye kigeuzi cha dijitali, ambacho kina dari: sufuri ya dijitali. Kinachovuka dari hiyo hukatwa kichwa, na ndiyo hali tunayoiita sauti kupasuka. Feda, kidhibiti cha kiasi cha sauti kinachoingia kwenye mchanganyiko, huja baada ya hapo. Yenyewe haigusi umeme wa maiki. Huzidisha au hupunguza namba ambazo tayari zimeshapimwa, kisha huzipeleka kwenye mchanganyiko wa kushoto na kulia, na kutoka huko sauti huenda kwenye hedfoni na kwenye kamera.

Mfuatano huo ndio unaoamua karibu kila kitu kitakachofuata, kwa sababu kilichoharibika kwenye hatua ya kwanza hakiponi kwenye hatua ya pili. Mimi nilijifunza hili kwa aibu, kwenye sherehe ya send-off katika ukumbi mmoja wa Sinza. MC alipoanza kuita mashangazi wajitokeze, taa nyekundu ya chaneli yake ikawaka, nami nikashusha feda mpaka mita ya mchanganyiko ikarudi kwenye kijani, nikatulia na sahani yangu ya pilau. Kesho yake nilipofungua faili la maiki yake, mawimbi yote yalikuwa yamekatwa vichwa sawasawa, kama ua wa michongoma uliopunguzwa kwa panga. Mchanganyiko nao ulikuwa chini vizuri, lakini umepasuka vilevile. Nilichokuwa nimekishusha ni ukubwa wa uharibifu; uharibifu wenyewe ulikuwa umeshatokea kabla ya feda.

Vigezo vya ulinganisho

Nitapima kila aina kwa mambo matano: nobu inagusa nini, mashine inakulinda vipi sauti isipasuke, kelele ya chini inakuwaje, sauti inagawanywa vipi kati ya faili, hedfoni na kamera, na mzigo unaobaki baada ya kurekodi. Kwa urahisi nitaziita aina hizo rekoda ya geini moja, rekoda-mikisa (yenye geini na feda) na rekoda ya floti (ya biti 32, isiyo na nobu ya geini; floti ni namna ya kuandika namba inayobeba kubwa mno na ndogo mno kwa pamoja). Mipaka kati yake haijanyooka kabisa, kwa kuwa mashine kama Zoom F8n Pro na Sound Devices MixPre za toleo la pili zina feda na pia hurekodi biti 32 za floti, lakini anayezielewa aina tatu zikiwa mbalimbali hatapata shida kuzielewa zilizochanganywa.

Nobu inagusa nini

Katika rekoda ya geini moja, iwe Zoom H6 yenye nobu kwa kila chaneli au Tascam DR-05X yenye vitufe vya kupandisha na kushusha, unachokigeuza ndicho kinachoandikwa. Kuna uaminifu fulani katika mpango huo: mita, hedfoni na faili vyote vinasema jambo moja, na mtu anayeanza hawezi kudanganywa na mchanganyiko ulio mzuri juu ya faili bovu. Ubaya wake ni kwamba kila mkono wako unapogusa nobu katikati ya kazi, mguso huo unaandikwa. Alfajiri moja pale soko la samaki la Feri nilikuwa nikimhoji mchuuzi mwenye sauti ndogo, na hatua chache kutoka tulipokuwa dalali akinadi fungu la vibua kwa sauti ya kuvuka bahari. Kila nilipopandisha geini ili nimsikie mama yule, ngurumo ya soko lote ilipanda naye, na nilipoishusha dalali alipogeukia upande wetu, soko likazama ghafla. Kwenye faili, panda-shuka hiyo inasikika kama mtu anayefungua na kufunga dirisha, na hakuna programu iliyoweza kuisawazisha bila kuacha alama.

Rekoda-mikisa hutenganisha kazi hizo mbili. Zoom F8n ina nobu nane ndogo za geini usoni, na feda zake zinapatikana kwenye skrini au kwenye ubao wa nje wa FRC-8. Kwenye MixPre unachagua mwenyewe: katika mpangilio wa msingi nobu ya mbele ni geini, na katika mpangilio wa juu nobu hiyohiyo inakuwa feda, huku geini ikiwekwa ndani ya skrini ya chaneli husika. Maana yake ni kwamba watu wawili wenye mashine za aina moja wanaweza kuwa wanageuza vitu viwili tofauti bila kujua, hasa ikiwa mmoja ameazima kwa mwenzake. Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani na rekoda usiyoizoea, rekodi sekunde kumi ukihesabu namba kwa sauti ya kawaida huku ukishusha nobu polepole, kisha fungua faili la maiki hiyo peke yake. Sauti yako ikififia kwenye faili, nobu hiyo ni geini, au ni feda lakini mashine imepangwa kuchukua faili baada ya feda. Isipofifia, uliyoishika ni feda na faili liko salama nayo. Jaribio hili la dakika moja lina thamani kuliko kurasa nyingi za kijitabu cha maelekezo.

Rekoda ya floti, kwa mfano Zoom F3 yenye matundu mawili ya XLR, haina nobu ya geini kabisa. Ndani yake kila chaneli ina vigeuzi viwili, kimoja cha sauti kubwa na kingine cha sauti ndogo, na mashine huunganisha vipimo vyake kuwa faili moja. Hata hivyo hatua ya kwanza haijafutwa, imefichwa tu. Bado unapaswa kuiambia mashine kama kilichochomekwa ni maiki au ni laini, na uamuzi huo ni wa geini kwa jina jingine.

Kupasuka

Kwa rekoda mbili za kwanza, ambazo kwa kawaida hurekodi biti 24, kinga kubwa ni nafasi unayoiacha juu. Mazungumzo yakikaa wastani wa desibeli 20 chini ya dari, na vilele vikafika 12 au 10 chini yake, unabaki na akiba ya kutosha kwa kicheko cha ghafla. Kwa sauti isiyotabirika, mfano jukwaa la Uwanja wa Benjamin Mkapa dakika ambayo bao linaingia, hata akiba hiyo inaweza kwisha. Baadhi ya rekoda za geini moja, ikiwemo Tascam DR-40X, huandika nakala ya pili iliyo chini kwa desibeli kadhaa, ili ya kwanza ikipasuka uwe na pa kukimbilia. Napendekeza kazi hiyo iwashwe kila mara mashine inapokuwa nayo.

Limita, kinga inayoizuia sauti isivuke kiwango fulani, nayo inahitaji kuulizwa swali moja: iko kabla ya kigeuzi au baada yake? Iliyo kabla, kama inavyokuwa katika rekoda-mikisa nyingi za kitaalamu, inaukamata umeme kabla haujagonga dari. Iliyo baada ya kigeuzi inaweza kuzuia mchanganyiko usivuke, lakini haina la kufanya juu ya mawimbi yaliyokwisha kukatwa.

Faili la biti 32 za floti linaweza kubeba tofauti ya zaidi ya desibeli 1,500 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, kiasi ambacho hakuna sauti duniani inayoweza kukijaza, na ndiyo sababu sauti inayoonekana imevuka dari kwenye programu ya kuhariri inaweza kushushwa ikarudi nzima. Lakini hiyo ni hesabu ya faili. Maiki ina kikomo chake, na amplifaya ya kwanza ndani ya mashine ina kikomo chake. Ukichomeka laini kutoka mikisa ya ukumbini kwenye tundu lililopangwa kuwa la maiki, ule umeme wa volti moja na kitu utaielemea amplifaya kabla haujafika kwenye floti, na faili litahifadhi kwa uangalifu mkubwa sauti iliyokwisha kupasuka. Nimeshaletewa faili la namna hiyo, na mwenyewe alikuwa akisisitiza kwamba mashine yake haiwezi kupasua sauti.

Kelele ya chini

Hapa tofauti haitokani na feda wala floti, bali na ubora wa amplifaya ya kwanza. Maiki ya dainamiki kama SM58 ikitumiwa kwa mtu anayeongea taratibu huhitaji geini ya desibeli 50 hadi 60, na kwa kiasi hicho ile "shhh" ya mashine yenyewe huanza kujitokeza kila msemaji anapovuta pumzi. Watengenezaji hutaja kelele hiyo kwa namba hasi ya dBu (desibeli za kupima umeme wa sauti), na kadiri inavyozidi kuwa hasi ndivyo mashine ilivyo kimya zaidi: Zoom H6 imetajwa kwa -120, wakati F8n na F3 zimetajwa kwa -127. Desibeli saba zinasikika kwenye chumba tulivu. Kwenye kibaraza cha Manzese, bodaboda zikipita na spika ya singeli ikipigwa mtaa wa pili, hazisikiki hata kidogo.

Kusogeza maiki kutoka sentimita 40 hadi 20 kunakupa takriban desibeli sita za sauti ya msemaji bila kugusa chochote kwenye rekoda. Anayetaka kununua mashine ya bei kubwa kwa sababu ya kelele ajaribu hilo kwanza, na aizime feni.

Faili, hedfoni na kamera

Kigezo hiki ndicho kinachozitenga aina hizi tatu kuliko vingine vyote, na ndicho wauzaji wasichokitaja.

Rekoda ya geini moja ina njia moja: kinachoingia kinaandikwa, kinasikika kwenye hedfoni, na kinatoka kwenda kwenye kamera. Kama una maiki mbili, uwiano wake unauweka kwa geini au unausubiri mpaka wakati wa kuhariri. Kosa linalojirudia hapa ni la kupima geini kwa masikio. Sauti ya hedfoni ina kidhibiti chake ambacho hakihusiani na faili; mtu aliyeiweka juu husikia kila kitu vizuri, huku mita ikisoma desibeli 45 chini ya dari. Geini hutazamwa kwenye mita. Hedfoni ni za kukagua uchafu, upepo na kebo mbovu.

Kwenye rekoda-mikisa, treki, yaani rekodi ya kila maiki peke yake, kwa kawaida huchukuliwa kabla ya feda, na mchanganyiko wa kushoto na kulia baada yake. Manufaa yake yanaonekana watu wanne wanapokaa meza moja kwa mjadala. Maiki nne zilizo wazi hukusanya kelele ya chumba yenye desibeli sita zaidi ya maiki moja, kwa kuwa kila idadi inapoongezeka maradufu kelele hupanda desibeli tatu. Ukifunga feda za wanaosikiliza na kufungua ya anayezungumza, mchanganyiko unasafika papo hapo, na ukichelewa kumfungulia mtu akakatika neno la kwanza, neno hilo lipo zima kwenye treki yake. Utaratibu ninaoushauri ni kuanza na feda zote kwenye sufuri, ambapo haziongezi wala hazipunguzi, kisha kuweka geini kwa mita, na kuanzia hapo kuacha geini zilivyo na kufanya kazi kwa feda pekee. Ukikuta feda zako zote zimejikunja chini kabisa, jua kwamba geini ziko juu mno.

Lakini mgawanyo huo una mitego. Kitufe cha kusikiliza kabla ya feda kikiwa kimebanwa, unasikia maiki ambayo kwenye mchanganyiko haipo. Kamera, kwa upande wake, mara nyingi hupokea mchanganyiko. Niliwahi kurekodi mahafali nikiwa na treki nzuri za kila maiki, hedfoni zangu zikiwa kwenye usikilizaji wa kabla ya feda, na feda ya mgeni rasmi ikiwa chini tangu majaribio ya asubuhi. Mpiga video alirudi na hotuba ya dakika ishirini isiyo na sauti, na akaniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. Treki zilituokoa, ila kazi ya kuoanisha ilichukua usiku mzima. Tangu siku hiyo humpa mpiga video mlio wa majaribio wa hezi 1,000 kwenye desibeli 20 chini ya dari, naye huweka kiwango cha kamera yake kwa mlio huo, kisha namwomba avae hedfoni zake mwenyewe asikie mtu akizungumza.

Rekoda ya floti yenye chaneli mbili ina kidogo cha kugawanya. Kiwango cha kwenda kwenye kamera na kwenye hedfoni huwekwa pekee bila kugusa faili, jambo ambalo ni zuri, lakini kamera nyingi hazina floti: sauti ikizidi upande wa kamera itapasuka huko, hata kama kadi ya rekoda ina faili safi.

Kadi, betri na kazi ya baadaye

Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, chaneli moja ya biti 24 hula takriban megabaiti 518 kwa saa, na ya biti 32 takriban 691, yaani theluthi moja zaidi. Rekoda-mikisa yenye maiki nane na mchanganyiko wa stereo inaandika treki kumi, ambazo ni kama gigabaiti 5.2 kwa saa. Sherehe ya saa nne inakaribia 21. Kadi si tatizo siku hizi. Tatizo ni muda wa mhariri, kwani treki kumi lazima mtu azisikilize.

Faili la geini moja, likirekodiwa vizuri, liko tayari kutumwa WhatsApp usiku uleule ambao mteja ameshaanza kupiga simu. Faili la floti linahitaji kwanza kupandishwa au kushushwa kiwango, na programu nyingi za simu hazilipokei bila kulibadilisha. Kuhusu umeme, maiki za kondensa zinazodai volti 48 humaliza betri haraka kwa aina zote tatu. Beba pawabenki ikiwa mashine inaikubali kwa USB, maana ukumbini soketi ya karibu huwa tayari imechukuliwa na fundi wa muziki.

Kulingana na kazi uliyo nayo

Ukiwa mwandishi wa habari au mwanafunzi unayehoji mtu mmoja mmoja, na unahariri mwenyewe kwa simu au kompyuta ndogo, rekoda ya geini moja inakutosha, mradi upime kiwango kabla ya kuanza na uiache nobu mpaka mwisho. Pesa inayobaki iende kwenye maiki nzuri na kinga ya upepo, hasa kama unafanya kazi ufukweni.

Ukirekodi mijadala, tamthilia au mahafali yenye maiki nyingi, na kuna mtu anayehitaji mchanganyiko palepale, iwe kamera au redio, rekoda-mikisa ndiyo inayojibu hitaji lako. Usiichukue ikiwa wewe ndiye pia unayeshika kamera, kwa sababu feda zinahitaji mikono na masikio ya mtu asiye na shughuli nyingine.

Ukifanya kazi peke yako mahali ambapo sauti haitabiriki, kama mnadani, uwanjani, kwenye ngoma za mtaani au kwa sauti za mji, na una subira ya kuhariri, rekoda ya floti inakuondolea hofu moja kubwa na kukuachia mikono. Hakikisha tu maiki yako inahimili kelele hizo.

Kwaya ya kanisani inayorekodi kwa jozi moja ya maiki inaweza kwenda upande wowote kati ya geini moja na floti. Mwalimu wa kwaya anayejua wimbo wenye kilele kikubwa kuliko nyimbo zote ataomba waimbaji waanze na huo wakati wa majaribio, aweke geini kwa huo, na hatakuwa na sababu ya kununua floti.

Na ukichukua sauti kutoka mikisa ya ukumbini, kwa aina yoyote ya rekoda, nenda mapema umkute fundi wa muziki kabla wageni hawajafika, muulize anakupa laini au maiki, weka swichi yako ipasavyo, na mwombe apige wimbo kwa kiwango atakachotumia usiku huo huku ukiangalia mita. Geini ikiwa chini kabisa na mita bado iko kwenye nyekundu, usihangaike na feda: rudi kwenye swichi, au mwombe ashushe anachokutumia.